Mvua, feni, maongezi ya mbali au kimya: sauti gani ikulaze?

Kitanda kimoja, watu wawili. Mmoja hapati hata lepe la usingizi mpaka feni iwashwe. Mwenzake, feni ikianza tu kuvuma, anahisi kama kalazwa karakana. Wote wamechoka, wote wana haki, na ugomvi wao hauishi kwa kuulizana nani ana masikio ya kawaida. Mimi ni wa kambi ya feni. Nakiri mapema ili ujue mizani yangu imeelemea wapi, ingawa nimejitahidi kuzipa sauti nyingine haki yake.

Watu wakitafuta sauti ya kulalia huuliza: ipi inaleta usingizi? Naona hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu sauti hufanya kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kukusindikiza mpaka usinzie: kukutoa kwenye mawazo ya mchana, kulegeza mwili, kuzifanya kope ziwe nzito. Ya pili ni kukulinda ukishalala, ili mlango unaobamizwa au pikipiki inayopita saa nane usiku isikukurupushe. Ziko sauti hodari kwa kazi ya kwanza na ovyo kabisa kwa ya pili. Ukishajua wewe unasumbuliwa na ipi, orodha inapungua yenyewe.

## Nimezipima kwa vigezo gani

Inavyotuliza. Hapa naangalia mwendo wa sauti na kile inachokudai. Sauti inayokwenda vilevile bila kuruka, ubongo huizoea upesi ukaacha kuifuatilia. Yenye maneno ni habari nyingine, maana mtu akilala masikio yake hayafungi duka. Mwaka 1960 watafiti Oswald, Taylor na Treisman waliwasikilizisha watu waliolala majina yaliyorekodiwa, wakaona jina la mtu mwenyewe linaitikiwa zaidi kwenye mawimbi ya ubongo wake kuliko majina ya wengine. Ndiyo maana mzazi hulala radi zikipiga, akaamshwa na kilio kidogo cha mtoto.

Inavyofunika kelele. Mara nyingi kinachomwamsha mtu si ukubwa wa kelele bali tofauti kati yake na utulivu uliokuwepo kabla. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2005, watu walilala huku wakipigiwa kelele zilizorekodiwa kwenye wodi ya wagonjwa mahututi. Kelele hizo peke yake ziliwaamsha mara nyingi mno. Zilipotandikiwa mvumo wa mfululizo chini yake, waliamka mara chache zaidi, ingawa kwa jumla chumba kilikuwa na kelele nyingi kuliko awali.

Udhibiti. Unaweza kuiwasha, kuipunguza na kuizima utakavyo, au unaingoja ije yenyewe?

Kero. Masikio yako, mwenzako wa chumbani, na mazoea yanayoweza kukufunga. Kuhusu masikio, kipimo kinachosaidia ni desibeli. Mnong'ono ni kama 30, maongezi ya kawaida ni kama 60, na kila desibeli 10 zinazoongezeka sikio husikia kama sauti imekuwa kubwa maradufu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulisema kelele ya mfululizo chumbani mwa kulala isizidi takriban desibeli 30, na kelele za ghafla zisipite 45. Yaani sauti nyingi tunazojiwashia kwa hiari zinavuka kiwango hicho. Si sababu ya kuingiwa na hofu, lakini ni sababu ya kutozipandisha juu.

## Mvua

Inavyotuliza. Matone ni maelfu na hayana mpangilio, kwa hiyo hakuna tone unalolisikia peke yake. Yote yanakuwa mvumo mmoja. Halafu mvua inaleta ruhusa. Ikinyesha, hakuna mgeni atakayebisha hodi, hakuna pa kwenda, na kazi ya nje imejiahirisha yenyewe. Nadhani nusu ya utamu wake uko hapo.

Lakini mvua na maji yanayovuja si kitu kimoja. Weka ndoo chini ya paa linalovuja uone. Tone. Kimya. Tone. Unajikuta unalingoja la tatu, likichelewa unainua kichwa kabisa. Bomba lisilofunga vizuri nalo hivyo hivyo. Matone ni yale yale, ila sasa kila moja linakuuliza swali.

Inavyofunika. Vizuri sana ikiwa ya mfululizo. Juu ya bati inafunika kila kitu, pamoja na mazungumzo ya watu waliokaa chumba kimoja, na ikizidi inageuka yenyewe kuwa kelele ya kukukosesha usingizi. Ya rasharasha hailindi kitu, inabembeleza tu.

Udhibiti. Ya kweli haina. Ya kurekodiwa ipo tele, lakini sikiliza urefu wake kabla hujaitegemea: kipande cha dakika moja kinachojirudia, sikio litakigundua. Kuna tone fulani au kishindo kidogo cha upepo ambacho utakianza kukitambua, na ukishakitambua hutaacha kukingoja. Tafuta rekodi ya saa nzima au zaidi, isiyo na radi. Waliotia radi kwenye sauti za kulalia sijui walikuwa wanamlaza nani.

Kero. Sauti ya maji hukikumbusha kibofu kazi yake. Si kwa kila mtu, ila kama wewe ni wa kuamka mara mbili usiku, jaribu kwanza sauti isiyo na maji.

Inamfaa mwenye mwili uliokaza na akili isiyotaka kufunga ofisi, anayehitaji kuambiwa kwamba leo yameisha.

## Feni na ndugu zake

Ndugu zake ni wengi: kiyoyozi, friji inayonguruma jikoni, mashine ya kufulia upande wa pili wa ukuta, mashine ya kufyonza vumbi, injini ya basi kwa aliyekaa siti ya dirishani. Na kuna wale waliotengenezwa kwa makusudi, zinazoitwa kelele nyeupe, ya waridi na ya kahawia.

Inavyotuliza. Haina lahani, haina neno, haina mwisho. Dakika chache tu inatoweka masikioni ikiwa bado inavuma. Kelele nyeupe ina nguvu sawa kuanzia sauti nzito mpaka nyembamba, kama mwanga mweupe wenye rangi zote ndani yake, ndiyo maana inasikika kama redio iliyokosa stesheni. Watu wengi huiona kali kidogo. Ya waridi hupungua nguvu kadiri sauti inavyopanda kuwa nyembamba, kwa hiyo ni laini zaidi, karibu na mvua. Ya kahawia hupungua kwa kasi mara mbili ya hapo, ikabaki mngurumo mzito kama maporomoko yanayosikika kutoka mbali. Kwa Kiingereza jina lake halikutokana na rangi bali na Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, aliyechunguza mwaka 1827 jinsi chembe ndogo kutoka kwenye chavua zinavyotikisika ovyo majini. Mngurumo huo unafuata hesabu za mtikisiko wa namna hiyo.

Ushahidi? Kwa watoto wachanga upo wa kuvutia. Utafiti wa mwaka 1990 ulichukua watoto 40 waliozaliwa karibuni. Kati ya 20 waliosikilizishwa kelele nyeupe, 16 walilala ndani ya dakika tano, na kati ya 20 wengine walilala watano tu. Haishangazi ukikumbuka kwamba tumboni mtoto hakuishi kimya: damu ya mama ilikuwa inavuma masikioni mwake miezi yote. Kwa watu wazima picha haijakaa sawa. Mapitio ya mwaka 2021 yaliyokusanya tafiti 38 yalikuta matokeo yanapishana na ubora wa ushahidi ni wa chini sana. Kwa hiyo mimi mtu wa feni sina cheti cha kukuonyesha. Nina usingizi wangu tu.

Inavyofunika. Hapa haina mpinzani. Mbwa wa jirani, lifti, milango, mtu anayekoroma kwa wastani, vyote vinazama ndani yake. Sauti nzito za besi kutoka ukumbi wa muziki ndizo zinazopenya, na kwa hizo kelele ya kahawia husaidia kuliko nyeupe, kwa sababu nguvu yake iko huko huko chini.

Udhibiti. Kitufe kimoja. Ila udhibiti huo una nyufa zake. Feni yangu iliwahi kulegea skrubu moja ya kava, ikaanza: tak... tak... tak, tak... tak. Skrubu ndogo kuliko punje ya mahindi ilinikalisha macho mpaka saa tisa, mpaka nilipoibana kwa ncha ya kisu. Mvumo ni uleule, lakini palipoingia kituko kidogo kisichotabirika, basi. Jambo la pili ni umeme. Ukikatika, si joto linaloniamsha kwanza, ni kimya. Nakurupuka kana kwamba mtu kaniita. Na ukitumia simu badala ya feni, angalia programu za bure: usiku mmoja, katikati ya mngurumo mtamu wa kahawia, tangazo la biashara lilinilipukia kwa sauti ya sokoni. Tangu siku hiyo napakua faili lenyewe na kuizima intaneti.

Kero. Feni inakausha pua, koo na macho ikikuelekea usoni. Igeuzie ukutani, sauti utaipata bila upepo. Mazoea nayo yapo: ukizoea, siku ya kulala ugenini utaihisi. Na kwa watoto kuna onyo la kweli. Utafiti wa mwaka 2014 ulipima mashine 14 za kulazia watoto, ukakuta tatu kati yake, zikifunguliwa mpaka mwisho na kuwekwa sentimita 30 kutoka kwenye sikio, zinavuka desibeli 85. Hicho ndicho kiwango ambacho mfanyakazi wa kiwandani hutakiwa kulindwa masikio akikaa nacho zamu yenye urefu wa saa nane. Iwe mbali na kitanda cha mtoto, angalau mita mbili, iwe chini, na izimwe akishashika usingizi.

Inamfaa mwenye usingizi mwepesi, anayekaa penye kelele za kukurupusha, au anayelala mchana kwa sababu ya zamu za usiku.

## Maongezi ya mbali

Hii ndiyo sauti ambayo watu wakianza kuisimulia huachia tabasamu. Wewe ni mtoto, umelazwa kwenye kochi au chumba cha pili, watu wazima wako sebuleni. Husikii wanasema nini. Unasikia sauti nzito ikizungumza muda mrefu, nyembamba ikiingilia, wote wakicheka, glasi ikiwekwa mezani, kisha sauti zinashuka kwa sababu mtu kasema "ataamka". Huamki. Unazama zaidi.

Inavyotuliza. Ukuta na umbali vinafanya kazi moja nzuri sana: vinakula sauti nyembamba kuliko nzito. Konsonanti, zile s, t, k na f zinazobeba maana, zinabaki upande wa pili. Inayokufikia ni lahani ya vokali. Umepata sauti ya binadamu bila maneno yake. Na ujumbe wake ni kwamba kuna watu macho, mlango una mwenyewe, wewe si zamu yako. Watu wengi wanaolala na redio au televisheni sebuleni, nahisi, wanaitafuta hiyo.

Ila redio iliyo kando ya mto si maongezi ya mbali. Maneno yake yanafika yakiwa mazima, na ubongo unayafuata hata hutaki. Mwaka 2008 utafiti wa wanafunzi 94 wenye matatizo ya usingizi uliwagawa makundi: wa kwanza walisikiliza muziki wa kutuliza dakika 45 kila usiku kwa wiki tatu, wa pili vitabu vya kusomwa kwa sauti, wa tatu hawakupewa kitu. Usingizi wa kundi la muziki uliboreka. Wa vitabu haukuboreka.

Hata hivyo singependa kuwahukumu watu wa redio kwa utafiti mmoja. Kuna mtu ambaye kichwa chake kikiachwa kimya kinaanza kesi: nilimjibu vibaya, kodi inakaribia, kesho nitasema nini. Kwake sauti ya mtangazaji inakalia kile kiti ambacho mawazo hayo yangekalia. Hasikilizi habari, anakodisha sauti ya mtu ili isimame badala ya yake. Kama ndivyo ulivyo, chagua kipindi ulichokwisha kukisikia au mada usiyoijali hata kidogo. Kipindi kizuri ni adui. Mimi niliwahi kulala na simulizi ya upelelezi nikidhani itanilaza, nikajikuta saa nane nimekaa kitako, muuaji keshakamatwa na mimi niko macho kabisa.

Inavyofunika. Hafifu. Maongezi yana mapengo, na kelele huingia kwenye mapengo.

Udhibiti. Maongezi ya kweli huwezi kuyaagiza. Redio unaweza, na siri ni kuiweka chumba kingine, mlango ukiwa wazi kidogo, ili umbali uyafute maneno. Weka na kipima muda cha dakika 30, maana mlio wa saa, vibwagizo na taarifa ya habari vitakuja ukiwa tayari umelala.

Kero. Mwenzako anaweza kunaswa na maneno kuliko wewe. Na televisheni inaongeza mwanga unaorukaruka, jambo ambalo usingizi haulitaki.

Inamfaa anayelala peke yake na nyumba inamwelemea, na mwenye mawazo yanayozunguka. Kwa kusinzia tu, si kwa usiku kucha.

## Kazi za mikono na minong'ono

Cherehani. Ufagio wa asubuhi uani. Penseli kwenye karatasi. Kitana kikipita kwenye nywele. Mtu anakunja nguo, anapiga kiganja kulainisha mkunjo, anaiweka juu ya nyingine. Kurasa zinafunuliwa na mtu asiye na haraka.

Inavyotuliza. Nyumbani mama alikuwa anashona usiku. Cherehani ya kanyagio ina mwendo wake: inaanza polepole, inashika kasi kwenye mshono mrefu, inasita kwenye kona, mkasi unasema neno moja, inaanza tena. Kwa mizani ya feni sauti hiyo ni mbaya, inarukaruka. Lakini ilitulaza. Nikiitafakari sasa naona kilichotulaza ni ule umakini wake, mtu aliyezama kwenye kazi yake karibu nasi, asiyetutaka kitu.

Wako wanaopata zaidi ya utulivu: msisimko wa kutekenya unaoanzia kichwani na kuteremka shingoni wakisikia minong'ono, kugusagusa vitu taratibu au kusuguliwa kwa brashi. Kwa Kiingereza huitwa ASMR, jina lililotungwa na Jennifer Allen mwaka 2010 kwa sababu watu walikuwa wanalisimulia jambo lisilo na jina. Mwaka 2015 Barratt na Davis waliwahoji watu 475 wanaolipata; asilimia 82 walisema huzitumia sauti hizo kupata usingizi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield wa mwaka 2018 ulikuta mapigo ya moyo ya wenye hali hiyo yakishuka kwa takriban matatu kwa dakika wakitazama video za namna hiyo. Lakini wote hao walikuwa wenye kipaji chenyewe. Kama wewe huna, mnong'ono ni mtu anayekunong'oneza, basi, na pengine anakukera.

Inavyofunika. Haifuniki chochote. Ni sauti ndogo mno, na inahitaji chumba kilicho tulivu tayari.

Udhibiti. Rekodi ni nyingi sana, ila za kweli hutegemea kuwa na mtu nyumbani mwenye kazi ya mikono.

Kero. Kuna watu ambao sauti za kutafuna, kumeza au kunusa huwapandisha hasira ya kweli, si deko. Usimwashie mwenzako bila kumuuliza. Hedifoni zinaepusha ugomvi, lakini za kuingia sikioni zikilaliwa usiku kucha zinaumiza na kusukuma nta ndani. Ukilala ubavu, tafuta zile bapa za kitambaa zinazovaliwa kama utepe kichwani.

Inamfaa mwenye chumba tulivu na kichwa chenye wasiwasi, hasa kama tangu utotoni alikuwa akisinzia akisukwa nywele.

## Muziki

Inavyotuliza. Kwa upande wa ushahidi muziki ndio uliosimama vizuri kuliko wenzake wote. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyojumlisha tafiti 13 na watu 1,007 wenye matatizo ya usingizi yalikuta kwamba wanaosikiliza muziki huripoti usingizi bora kuliko wasiosikiliza. Mwendo unaopendekezwa ni wa mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, karibu na moyo uliotulia, bila ngoma za kushtukiza.

Inavyofunika. Wastani, kwa sababu unapanda na kushuka.

Udhibiti. Kamili, mradi wimbo unaofuata uwe umeuchagua wewe na si programu.

Kero. Kuganda kichwani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor wa mwaka 2021 ulikuta nyimbo zilizozoeleka zikisikilizwa kabla ya kulala huendelea kujiimba kichwani na kuharibu usingizi. La kushangaza, matoleo ya ala tupu ndiyo yaliyoganda zaidi. Huenda ubongo unahangaika kuyajaza maneno yaliyotolewa. Kwa hiyo ule ushauri wa "chukua wimbo uupendao, tafuta toleo lisilo na maneno" si mzuri. Chukua muziki usioujua.

Inamfaa anayehitaji saa ya kushuka taratibu kabla ya kuzima taa.

## Kimya

Nakiweka hapa kwa sababu wanaolinganisha sauti hukisahau. Kinatuliza kuliko vyote kwa aliyekizoea, hakina kero kwa mwenzako, na vizibo vya masikio vya sponji hukileta kwa kiasi fulani hata penye kelele. Tatizo ni kwamba kimya hakifuniki kitu, na kikikaa mahali penye vishindo vya hapa na pale ndicho kinachovikuza. Mwenye mlio wa ndani ya masikio hukiona kigumu zaidi, maana kikiingia tu, mlio wake unapanda jukwaani. Huyo sauti ndogo ya chini itamsaidia.

## Kwa hali yako

Ukilala haraka ila unaamshwa na vishindo, hitaji lako ni kufunikwa: feni, au kelele ya waridi au ya kahawia, usiku kucha, kwa sauti ndogo inayotosha kulainisha vishindo. Usiongeze mpaka vishindo vipotee kabisa. Inatosha visirukie juu sana. Usitumie redio hapa.

Ukikesha ukihesabu mambo lakini ukishalala umelala, unahitaji kusindikizwa: maongezi ya mbali, kipindi cha zamani, cherehani ya kurekodiwa, muziki usioujua. Kipima muda lazima.

Ukiwa na yote mawili, tandika mbili. Mvumo wa chini ubaki usiku kucha, na juu yake sauti ya kusindikiza inayozimika baada ya nusu saa. Iwe ndogo kiasi kwamba mvumo peke yake unabaki bila wewe kugundua kilichoondoka.

Mtoto mchanga: mvumo laini, mbali, chini, kwa muda mfupi. Na sauti yako mwenyewe ukimwimbia haihitaji kipimo cha desibeli.

Ukilala sana mchana ingawa usiku ulilala saa za kutosha, au ukikoroma kwa kukatakata pumzi, au ukikosa usingizi usiku mitatu au zaidi kwa wiki kwa miezi, sauti si dawa yake. Muone daktari, feni itakuwepo ukirudi.

Jaribu sauti moja kwa usiku tano hivi kabla ya kuihukumu, maana usiku wa kwanza sauti yoyote mpya ni mgeni. Ukibadilisha kila siku hutaizoea hata moja.

Na wale wawili wa kitanda kimoja? Feni iende upande wa anayeitaka, sakafuni, ikiutazama ukuta, kasi ya kwanza. Mwenzake apewe vizibo vya masikio na upande wa mbali, na skrubu za kava zikazwe mchana, kabla yeyote hajalala.